NCHI JIRANI: Marubani wa Kenya, Amri ya Angani na Haki ya Ardhini



Saa 12 asubuhi ya Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Shirika la Ndege la Kenya waliacha kazi. Ndege zilikuwapo, mafuta yalikuwapo, na abiria walikuwapo kwa maelfu katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi. Waliokosekana walikuwa watu wapatao 400 tu, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wafanyakazi wote wa shirika hilo. Hata hivyo sehemu tisa zilizobaki hazikuweza kushika nafasi yao, na safari nyingi zikafutwa.

Kuna jambo moja katika mgomo huo ambalo kila mtu aliyekula kiapo cha utii hana budi kulitazama kwa makini. Tarehe 31 Oktoba, siku chache kabla ya mgomo, Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ilikuwa imeamuru usimamishwe. Marubani waligoma vivyo hivyo. Watu ambao maisha yao yote ya kazi ni kufuata kanuni, neno kwa neno na saa kwa saa, walifikaje mahali pa kukaidi amri ya mahakama? Jibu la swali hilo halipatikani katika wiki ile moja ya Novemba. Linapatikana katika historia ndefu ya kazi yenyewe na ya shirika lenyewe.

Kwanza ni vema kueleza rubani ni mtu wa namna gani. Rubani mkuu wa ndege ya abiria ana madaraka yanayofanana sana na ya kamanda. Kwa kanuni za kimataifa zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, yeye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake iwapo safarini. Mkataba wa Tokyo wa 1963 ulimpa pia uwezo wa kuamuru abiria anayehatarisha usalama azuiwe, na kumkabidhi kwa wenye mamlaka mara ndege itakapotua. Askari polisi wa viwanja vya ndege wanalijua jambo hili kwa vitendo, maana wao ndio wanaompokea abiria wa namna hiyo kwenye ngazi ya ndege.

Lakini magurudumu yakishagusa ardhi na injini kuzimwa, kamanda huyo anakuwa mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Tena ni mwajiriwa ambaye riziki yake inaning'inia kwenye uzi mwembamba. Leseni yake hufungwa na aina ya ndege aliyofundishwa. Aliyezoea aina moja hawezi kupanda nyingine na kuirusha bila kurudi darasani. Kwa kawaida kila baada ya miezi 6 huingizwa katika mtambo wa mazoezi unaoigiza ndege, akazimiwa injini na kuletewa moto na dhoruba za bandia, huku mkaguzi akiandika alama. Daktari humpima kila mwaka, na akishapita umri wa miaka 60 humpima kila miezi 6. Akitimiza miaka 65 haruhusiwi tena kurusha ndege ya abiria katika safari za kimataifa. Moyo ukionyesha kasoro, au macho yakififia kupita kiasi, leseni yaweza kusimamishwa siku hiyo hiyo. Askari aliyeumia mguu huenda akapangiwa kazi ya ghalani au ofisini na akaendelea kuvaa sare. Rubani aliyenyimwa cheti cha daktari amepoteza kazi aliyosomea. Ndiyo sababu akiba ya uzeeni ni jambo zito kwake tangu akiwa kijana.

Jambo la pili ni uchovu. Katika nchi za Ulaya rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 mfululizo, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka wa kalenda, na nchi nyingine nyingi zina mipaka inayokaribia hiyo. Mtu asiyeijua kazi atasema saa 900 kwa mwaka ni chache mno. Lakini saa zinazohesabiwa hapo ni zile za ndege kuwa safarini tu. Hazimo saa za kujitayarisha, za kungoja ndege iliyochelewa, wala za kulala hotelini mchana kwa sababu usiku ni wa kazi. Aliyewahi kushika zamu ya lindo kuanzia saa 8 hadi saa 11 alfajiri anajua jinsi akili ya mwanadamu inavyozama saa hizo hata kama macho yako wazi.

Mipaka hiyo ya saa haikutolewa kama zawadi. Nchini Marekani, katika miaka ya 1920, wengi miongoni mwa marubani wa kwanza wa kubeba barua walikufa kazini, kwa kuwa walishurutishwa kuruka katika ukungu na theluji ili barua zifike kwa wakati. Mwaka 1931 marubani wa nchi hiyo waliunda chama chao chini ya David Behncke. Mwaka 1934, baada ya mvutano mkali kati yao na makampuni, baraza la kazi la serikali liliweka mpaka wa saa 85 kwa mwezi. Tangu hapo, ulimwenguni kote, madai ya marubani yamekuwa na sura mbili zisizotengana: mshahara na usalama. Mwenye shirika huona sura ya kwanza upesi. Abiria huiona ya pili ajali inapotokea.

Sasa turejee Afrika Mashariki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1946 na serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Lilikua haraka. Mwaka 1960 lilipata ndege za Comet, zenye injini za jeti, na mwaka 1966 likapata Super VC10, zilizoruka hadi Ulaya na Asia. Lakini katika miaka yake ya mwanzo usukani ulikuwa mikononi mwa wageni kutoka Ulaya. Baada ya uhuru nchi tatu wanachama ziliona kwamba bendera iliyochorwa mkiani mwa ndege haitoshi ikiwa chumba cha marubani kinabaki cha wageni. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wafundishwe pamoja.

Vijana hao hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa mwaka 1977, baada ya mabishano juu ya fedha na michango ya nchi wanachama, ndege za shirika la pamoja zilisimama. Kenya iliunda shirika lake mwezi Januari, likaanza kuruka Februari. Mwezi huo huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Machi ikaanzisha Shirika la Ndege la Tanzania. Chuo cha Soroti kikabaki mikononi mwa Uganda. Watu waliokuwa wakivaa sare moja wakajikuta ni watumishi wa mashirika matatu yanayoshindana.

Mali ya Jumuiya iligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwezi Mei 1984, lakini si kila haki iligawanywa kwa urahisi kama majengo na mabehewa. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi; hapa Tanzania madai hayo yalikuwa bado yanabishaniwa katika miaka ya 2000, wakati wengi wa wadai walikuwa wazee na wengine wamekwisha zikwa. Mtoto wa mtumishi wa reli, bandari au ndege katika Afrika Mashariki amekua akilisikia jambo hilo nyumbani: kwamba fedha ya uzeeni yaweza kuandikwa kwenye karatasi yenye mhuri na bado isifike. Anayeusoma mgomo wa 2022 bila kukumbuka hayo anasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Shirika la Kenya lilipita katika taabu zake. Mwaka 1996 lilibinafsishwa: kampuni ya KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26 ya hisa, na nyingine zikauzwa hadharani katika soko la Nairobi. Kwa miaka kadhaa lilisifiwa kuwa mfano kwa bara zima. Mwaka 2011 likaanza mpango mkubwa wa kununua ndege na kuongeza vituo. Mapato hayakufuata mpango huo. Katika mwaka wa hesabu wa 2014/15 shirika lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Ndege tatu kubwa za Boeing 777 zikakodishwa kwa shirika la Uturuki, na mbili za Boeing 787 kwa shirika la Oman. Marubani nao, kadhaa kati yao, wakaondoka kwenda kuajiriwa katika mashirika ya nchi za Ghuba, yaliyolipa vizuri zaidi. Oktoba 2016 waliobaki walitoa ilani ya mgomo, wakidai mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mtendaji waondoke. Mgomo haukufanyika, kwa kuwa serikali iliingia kati. Mwenyekiti mpya alishika kiti mwezi huo huo, na mkurugenzi akaondoka mwaka 2017. Kwa hiyo pande zote mbili zilijifunza jambo moja, nalo ni la hatari: kwamba tishio la mgomo husikika kuliko barua.

Hapa inafaa kukumbuka ajali iliyolipata shirika hilo hilo, maana inaonyesha thamani ya neno linalosemwa kwa wakati. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Boeing 737 iliruka kutoka Douala, Kamerun, ikielekea Nairobi, katika hali mbaya ya hewa. Uchunguzi wa serikali ya Kamerun, uliotolewa mwaka 2010, ulieleza kwamba rubani mkuu aliamini mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwa umeshika. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole, gizani, bila mmoja wao kuona wala kumwonya mwenzake mapema. Walipotambua, walikuwa wamechelewa. Watu wote 114 walikufa katika kinamasi karibu na kijiji cha Mbanga Pongo. Miongoni mwa sababu, wachunguzi walitaja kupotewa na mwelekeo na upungufu wa ushirikiano kati ya marubani wawili. Tangu zamani mafunzo ya urubani yanasisitiza kwamba msaidizi ana wajibu wa kusema aonapo kosa, na mkuu ana wajibu wa kusikia. Kanuni hiyo haivunji nidhamu. Ni sehemu ya nidhamu yenyewe.

Ndipo ukaja ugonjwa wa Korona. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria. Rubani mmoja mkongwe wa shirika hilo, aliyekuwa amerejesha watu nyumbani kutoka New York, aliugua na kufariki mwanzoni mwa Aprili. Wenzake waliendelea kubeba mizigo, na ndege za abiria zikageuzwa kubebea shehena. Fedha zilipokauka, shirika lilikata na kuahirisha sehemu ya mishahara na kusimamisha mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi. Hapana aliyeweza kukana kwamba hali ilikuwa ngumu, na hata marubani waliikubali hali hiyo mwanzoni. Ubishi ulianza baadaye. Ndege zilirudi angani, abiria wakarudi, lakini mchango wa mfuko haukurudi. Miaka miwili ilipita. Chama cha marubani kilidai mchango urejeshwe na mishahara iliyoahirishwa ilipwe. Uongozi ulijibu kwamba shirika lililolemewa na madeni halina uwezo huo.

Hivyo ndivyo ilivyofikiwa asubuhi ile ya Novemba. Uongozi ulikiita kitendo hicho hujuma ya uchumi, ukisema kila siku ya mgomo ingegharimu shilingi za Kenya milioni 300. Tarehe 7 Novemba ukatangaza kwamba haukitambui tena chama cha marubani na kwamba umevunja mkataba wa hali bora za kazi. Pande zote mbili zilikuwa sasa zimevunja kitu: marubani wamevunja amri ya mahakama, uongozi umevunja mkataba. Tarehe 8 mahakama ikatoa amri ya pande mbili. Marubani warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya Jumatano, tarehe 9, bila masharti. Uongozi nao uwaache wafanye kazi bila kuwabughudhi wala kuwachukulia hatua za nidhamu. Marubani walirudi, na ndege zikaruka.

Je, marubani walikuwa na haki ya kugoma? Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki hiyo. Lakini ibara ya 24 inaruhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa wanajeshi na polisi. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007 imeweka pia orodha ya huduma za lazima zisizogoma. Waongozaji wa ndege wamo katika orodha hiyo, marubani hawamo. Ndege ikikosa rubani hubaki chini, salama. Ikiwa angani na ikakosa mwongozaji, iko hatarini. Kwa hiyo haki marubani walikuwa nayo. Kosa lao lilikuwa kuitumia wakati mahakama imekwisha sema ngojeni. Haki inayotumiwa kwa kumdharau mwamuzi humpa mpinzani silaha, nayo ndiyo silaha iliyotumiwa dhidi yao tarehe 7.

Wengine husema dawa ya mgomo wa namna hiyo ni jeshi. Jambo hilo lilikwisha jaribiwa, si Afrika bali Australia. Agosti 1989 marubani wa mashirika ya ndani ya nchi hiyo walidai nyongeza ya mshahara ya karibu asilimia 30, na walipokataliwa zaidi ya 1,600 wakajiuzulu kwa pamoja. Serikali ya Waziri Mkuu Bob Hawke iliwaita wanaanga wa jeshi kubeba abiria, na mashirika yakakodi ndege na marubani kutoka nje. Chama cha marubani kilishindwa. Wengi hawakurudi kazini mwao tena, na baadhi yao wakahamia nchi za mbali. Lakini ushindi huo ulikuwa wa gharama. Utalii uliumia kwa miezi mingi, na nchi ikawapoteza watu iliotumia miaka mingi kuwafundisha. Jeshi linaweza kubeba abiria kwa dharura. Haliwezi kusuluhisha deni.

Kwa wasikilizaji wa mazungumzo haya jambo hili lina uzito wa pekee. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004 haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa. Askari hagomi, na hakuna raia mwema anayetamani siku ambayo askari atagoma. Lakini yafaa ieleweke vema maana ya jambo hilo. Mahali ambapo mfanyakazi ana haki ya kugoma, ahadi iliyocheleweshwa hujitangaza yenyewe kwa ilani ya siku kadhaa. Mahali ambapo haki hiyo haipo, hakuna ilani. Hapo wajibu wa kuona mapema unahamia mabegani mwa mkubwa: kiongozi wa kikosi, mkuu wa kituo, mhasibu wa posho, afisa anayeshughulikia mafao ya anayestaafu. Mtu aliyekabidhi mdomo wake kwa kiapo amemkabidhi kamanda wake kazi ya kumsemea. Paredi iliyonyamaza haithibitishi kwamba hakuna tatizo, kama vile ukimya wa chumba cha marubani juu ya Douala haukuthibitisha kwamba ndege imenyooka.

Kwa upande wa Kenya, shirika lao halikufa. Kwa mwaka 2024 lilitangaza faida ya shilingi za Kenya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya hasara za miaka zaidi ya 10. Marubani ni wale wale waliogoma, pamoja na vijana waliojiunga nao. Mgomo wa siku chache haukuliua shirika, wala haukuliokoa. Uliacha funzo kwa jirani wote: fedha ambayo mtumishi amewekewa kwa ajili ya uzee wake si akiba ya dharura ya mwajiri. Ikilazimu kuguswa, aulizwe mwenyewe, aandikiwe tarehe ya kurudishwa, na tarehe hiyo itimizwe. Wazee wa Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 wangeweza kulisema hilo bila kwenda mahakamani, kama wangeulizwa.